Droo Mia na Ishirini na Nane

Siku kisanduku cha kuita wagonjwa kilipokwama katika majaribio ya toleo jipya la programu, watu waliokaa kwenye mabenchi ya zahanati walisikia mashine ikiita namba arobaini na moja mara tisini. Namba arobaini na moja alikuwa bwana mmoja aliyekwisha kutibiwa, kupewa dawa na kwenda zake. Kila mashine ilipomwita, wagonjwa walitazamana kwa jicho la lawama, kana kwamba mmoja wao kajificha. Mwishowe mama mwenye namba arobaini na mbili akanyanyuka, akaingia kwa daktari bila kuitwa na mtu, na nesi akachomoa waya ukutani.

Habari zilifika kwenye kampuni iliyotengeneza kisanduku kabla ya chai ya saa nne. Meneja alipanda ngazi mwenyewe hadi chumba cha kiini, jambo ambalo hakulifanya ila pakiwa na msiba au keki. Chumba kile kilikuwa na watu watatu, na kazi yao ilikuwa kutunza kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine kwa programu nyingine zote. Kumbukumbu ikiisha, kiini hulazimika kuua programu moja ili nyingine zipone. Pale zahanati kilikuwa kimeiua ile inayosogeza namba, kikaiacha hai ile inayoita.

Meneja hakupiga kelele. Alisema toleo jipya linahitaji megabaiti thelathini zaidi ya zilizopo, visanduku vimeshafungwa katika zahanati mia mbili na havifunguki kuongezewa chochote, kwa hiyo megabaiti hizo zitafutwe humo humo ndani. Alitoa wiki tatu. Siku ya majaribio ni Alhamisi ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi. Zikikosekana, atanunua mfumo uliokwisha kutengenezwa na watu wengine, chumba cha kiini kitageuzwa stoo ya viti, na wote watatu watahamia kitengo cha simu za wateja.

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Bibi Punguza, kwa sababu kwenye simu alishakaa. Alianzia huko, miaka miwili, kifaa kimembana sikio, akiwauliza watu kama wamehakikisha mashine imewashwa. Mpaka leo simu ya mtu yeyote ikilia ghafla karibu naye, mdomo wake huanza wenyewe kusema asante kwa kupiga. Kurudi kule aliona bora auze maji barabarani, na maji alishawahi kuuza, kwa hiyo hakuwa anatia chumvi.

Jina la Bibi Punguza alilipata kihalali. Kabla ya kompyuta alikuwa akinunua simu mbovu na kuuza nzima, na katika biashara ile alijifunza kwamba bei ya kwanza anayotaja mtu ni salamu tu, haina maana nyingine. Hata kuandika programu alijifunza kwa mapatano: mwanafunzi mmoja wa chuo alimfundisha masomo arobaini kwa kutengenezewa simu nne, na alipofika somo la ishirini Bibi Punguza alikuwa ameshamteremsha hadi simu tatu. Kanisani alibishana urefu wa hotuba. Siku aliyojifungua binti yake, inasemekana alimwambia mkunga kwamba atasukuma mara mbili badala ya tatu, na mkunga akakubali.

Basi alipofungua ripoti ya kumbukumbu asubuhi iliyofuata, alisoma kama mtu anayekagua bidhaa. Jicho lake likatua kwenye mstari mmoja: stoo ya vichakataji, megabaiti arobaini.

Stoo hiyo ni rahisi kuielewa kwa aliyewahi kuingia karakana ya washonaji. Mafundi wanne wakitumia mkasi mmoja, muda mwingi utakwenda katika kugombania mkasi. Kwa hiyo kila fundi hupewa droo yake, yenye mkasi wake na futi yake na chaki yake. Ndani ya mashine, mafundi ni vichakataji, vile vinavyofanya hesabu, na kisanduku kilikuwa navyo vinne. Programu ikiomba mkasi, stoo haitoi mkasi mmoja; inaweka mmoja katika kila droo. Ni utaratibu mzuri, kazi inakwenda mbio. Ila mwombaji akiomba mkasi mkubwa kuliko haja yake, hasara inajirudia droo kwa droo.

Megabaiti arobaini. Bibi Punguza alifunga ripoti, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Aliona wazi kilichotokea: watu wa ghorofa nzima walikuwa wakiomba kwa uroho kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza mwisho wako ngapi. Sasa ataulizwa kila mmoja.

Alianza na Mzee Pakiti. Huyu alikuwa mtunzaji wa sehemu ya mtandao, mtu mzima wa sauti ya chini, miwani mbili kwa zamu, ambaye alikuwa kampunini tangu kampuni ni meza moja na feni. Alikuwa ameomba kilobaiti kumi kwa kila droo. Bibi Punguza alivuta kiti, akamuuliza habari za nyumbani, akamsifu shati, kisha akamwambia kilobaiti kumi ni za mtu anayetarajia mafuriko.

Mzee Pakiti alisema ujumbe wa mtandao ukija kwa wingi unahitaji mahali pa kukaa. Bibi Punguza akasema ujumbe wa zahanati ni namba na majina, haukai, unapita. Akatoa tano. Mzee akakataa. Bibi Punguza akanyanyuka kuondoka, polepole, kwa ule mwendo wa mteja anayetaka kuitwa nyuma, na mzee, ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti, akamwita nyuma. Walikubaliana nane. Kilobaiti mbili zikaokolewa, na mzee akabaki anaitazama skrini yake kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini.

Kutoka hapo akawa haachi meza. Dada Mafaili, binti mwembamba aliyetunza sehemu ya kuhifadhi mafaili, alikamuliwa kilobaiti tatu akiwa na mkate mdomoni, hawezi hata kujitetea. Jamaa wa sauti alitoa moja. Jamaa wa saa alijifungia chooni, Bibi Punguza akamsubiri mlangoni, akapata nusu. Wiki ya pili watu walikuwa wakimwona anakuja wanainua simu zisizolia. Mwenzake mmoja wa chumba cha kiini alimshauri aangalie ripoti kidogo kidogo, ajue anakwendaje. Yeye akasema mfanyabiashara hafungui sanduku lake soko likiwa halijafungwa.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Mumewe, fundi wa mageti, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mama yake alikaa nao, na maneno ya mwanawe yote aliyachukua yeye. Mama mkwe alipenda sana habari ya kitengo cha simu. Bibi Punguza alipoeleza mezani kwamba wanaweza kupoteza kazi ya kiini na kupelekwa kule, alitarajia pole.

"Simu ni kazi nzuri, mwanangu," mama mkwe akasema. "Unakaa, unaongea, saa kumi umerudi. Hii ya sasa hata nikiulizwa na majirani sijui niseme nini. Nimewaambia unatengeneza vitu visivyoonekana. Sasa wananiletea watoto wao wenye mashetani."

Mume alicheka mpaka akapaliwa. Bibi Punguza hakucheka. Alimwambia mama mkwe kwamba akirudi kwenye simu atakuwa anarudi saa kumi kweli, na kuanzia saa kumi na dakika tano watakuwa wawili jikoni mpaka usiku. Mama mkwe alitafuna, akalipima jambo hilo, halafu akasema basi apambane na hivyo vitu vyake.

Jumatatu ya wiki ya tatu, soko likafungwa. Bibi Punguza alikuwa amekusanya punguzo kutoka meza kumi na moja, jumla kilobaiti ishirini na nne kwa kila droo. Aliendesha toleo jipya na kufungua ripoti, mikono imekunjwa, wenzake wawili wamesimama nyuma yake.

Stoo ya vichakataji ilikuwa imeshuka kutoka megabaiti arobaini hadi thelathini na saba.

Wenzake waliguna kwa huzuni. Tatu kati ya thelathini, na zimebaki siku tatu. Mmoja akaanza kupanga kwa sauti ni kiti gani atachukua kule kwenye simu, kile cha dirishani. Bibi Punguza aliwanyamazisha kwa mkono. Yeye alichokiona kilikuwa kingine, na kilimwasha shingoni.

Kilobaiti ishirini na nne, droo nne: ni kilobaiti tisini na sita. Hata megabaiti moja haifiki. Amepewaje tatu? Katika maisha yake ya kununua na kuuza, alishawahi kupunjwa, kutapeliwa na kukimbiwa, lakini muuzaji wa kumpa mara thelathini ya alichokiomba na kukaa kimya hakuwahi kumwona. Alichukua kalamu. Megabaiti tatu ni kilobaiti elfu tatu na sabini na mbili. Akagawa kwa ishirini na nne. Jibu likaja limenyooka, bila hata mkia wa desimali: mia na ishirini na nane.

Droo mia na ishirini na nane, katika karakana ya mafundi wanne.

Alikaa. Majuma mawili amezunguka ghorofa nzima akibishana bei ya mkasi, asiulize hata mara moja ni mikasi mingapi inayonunuliwa. Mtoto anayetumwa mikate kwa mara ya kwanza huuliza mingapi. Stoo ilikuwa ikiweka vifaa vya kila mtu katika droo mia na ishirini na nne za mafundi ambao hawakuwepo, hawakuajiriwa, wala hawakuwa na mahali pa kuweka kiti. Iliambiwa tu kwamba huenda wakaja.

Na aliyeiambia ni nani? Kwenye faili la mipangilio kulikuwa na mstari mmoja: idadi ya vichakataji vinavyoweza kuwepo, 128. Hiyo ni namba ya mashine kubwa, zile zinazojaza chumba na kupulizwa upepo baridi. Mtu fulani aliinakili kutoka kwenye kitabu cha mashine hizo bila kufikiri. Bibi Punguza, damu imeanza kuchemka, alifungua daftari la mabadiliko, ambalo huonyesha kila mstari uliandikwa lini na nani, ili ajue mpumbavu huyo anakaa meza gani.

Alikuwa anakaa meza yake mwenyewe. Miaka minne iliyopita, mwezi wake wa kwanza kutoka kwenye simu. Na pembeni ya mstari alikuwa ameacha maelezo kwa faida ya watakaomfuata: "Iachwe kubwa tu, haina gharama."

Alilitazama lile neno la mwisho kwa muda mrefu. Yeye, ambaye akipewa kitu cha bure hukigeuza aone kimevunjika wapi.

Hakumwambia mtu. Alisema tu ameona njia, akawaamuru wenzake waifanye stoo ihesabu vichakataji vilivyopo kweli badala ya kusoma namba ya kwenye faili. Jumanne nzima walifanya kazi hiyo. Jumatano saa nane mchana waliwasha kisanduku. Ripoti ikasema stoo imebaki na megabaiti moja na ushei. Karibu thelathini na sita zilikuwa zimerudi kwa mkupuo. Mwenzake aliyekwisha kuchagua kiti cha dirishani alimkumbatia mwenzake wa pili. Kisha wakaunganisha mtandao, na kisanduku kikazimika papo hapo.

Wakakiwasha. Mtandao ukaingia, kikazimika tena.

Sababu haikujificha. Programu nzuri, ikitaka kupita kwenye kila droo, humuuliza mtunza stoo droo ziko ngapi. Sehemu ya mtandao haikuuliza. Ilihesabu yenyewe, kuanzia droo ya kwanza hadi ya mia na ishirini na nane, kwa namba iliyoandikwa ndani yake kwa mkono. Ilipofika ya tano, ikanyoosha mkono kwenye hewa tupu, na mashine yote ikaanguka nayo. Marekebisho yalikuwa ya dakika kumi. Lakini kampuni ile ilikuwa na utaratibu usiovunjwa hata na meneja: hakuna mstari unaoguswa bila saini ya mwenye sehemu, na usio na saini hauingii kwenye kisanduku. Mwenye sehemu alikuwa Mzee Pakiti.

Saa nane na nusu Bibi Punguza alisimama mbele ya meza ya mzee. Safari hii hakuvuta kiti, wala hakulisifu shati.

Mzee Pakiti alimsikiliza hadi mwisho, akabadilisha miwani, akaufungua mstari wake mwenyewe akautazama. Kisha akafungua daftari la mabadiliko. Alilisoma taratibu sana, kama anayesoma barua ya mapenzi ya mtu mwingine.

"Haina gharama," akasema.

"Mzee, na wewe umeiandika hiyo mia na ishirini na nane kwa mkono wako," Bibi Punguza akamwambia. "Ungeuliza stoo tusingefika hapa."

"Niliichukua kwako, dada. Nikadhani imefikiriwa."

Bibi Punguza alitambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba majaribio ni kesho saa tatu, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani yeye ndiye mwenye haraka na mwenzake ndiye mwenye bidhaa. Akashusha pumzi, akamuuliza mzee anataka nini.

Mzee alionekana alishafikiri. Alitaja matatu. Kwanza, kilobaiti zake mbili zirudi. Pili, ile kazi ya makreti. Stoo huhifadhi vifaa katika makreti, na kreti likibakiwa na kidude kimoja tu haliwezi kurudishwa, linashikilia nafasi bure. Kuyapunguza makreti hayo ni kazi ya miezi, haina sifa, na mzee alikuwa ameikalia mwaka mzima akingoja apatikane wa kumtwisha. Bibi Punguza aliitikia yote mawili kwa kichwa, akijua la tatu ndilo bei yenyewe.

"La tatu, uzungukie zile meza kumi na moja," mzee akasema. "Moja moja, kwa miguu yako. Ukae, kama ulivyokaa ulipokuja kutukamua, umwambie kila mtu ule mstari ni wa nani."

"Nitawaandikia barua wote."

"Kwa mdomo."

"Meza tano. Nyingine zitasikia, hapa maneno hayalali."

Mzee Pakiti alinyanyuka, polepole, akachukua kikombe chake, akaanza kuondoka kuelekea kwenye birika, kwa mwendo ambao Bibi Punguza aliufahamu kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Kikombe kilikuwa kimejaa. Mzee alikuwa amejifunza, na aliyemfundisha alikuwa amesimama pale pale, anahesabu hatua.

Alimwacha afike hatua ya sita. Halafu akamwita.

"Kumi na moja," akasema.

"Na malipo ya kwanza sasa hivi," mzee akasema, bado amempa mgongo. "Nisaini, kesho mambo yakinyooka usinijue? Anza na mimi."

Bibi Punguza akatazama kulia na kushoto. Dada Mafaili alikuwa meza ya tatu, amevaa vifaa vya masikio, lakini kichwa chake hakikuwa kinatikisika kufuata wimbo wowote. Basi akavuta kiti, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mstari ule aliuandika yeye, kwa uvivu, na majuma mawili aliyowasumbua watu yalikuwa ya bure. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyoogopa. Mzee aliweka kikombe chini, akarekebisha sehemu yake kwa dakika tisa, akasaini.

Alhamisi saa tatu kisanduku kiliwashwa katika chumba cha mkutano, toleo jipya ndani yake, na wafanyakazi ishirini wakapewa namba za karatasi wawe wagonjwa. Wote waliitwa kwa zamu, waliingia kwa daktari, ambaye alikuwa mhasibu amevaa koti jeupe, wakatoka. Mtandao ulikaa. Kumbukumbu ilibaki na akiba. Meneja aliuliza kama itakuwa hivyo hivyo kwenye zahanati mia mbili, akaambiwa ndiyo, akasema vizuri, akashuka ngazi. Jinsi ilivyofanyika hakuuliza. Kitu kikifanya kazi yeye huona maswali ni kukitafutia ugonjwa. Chumba cha kiini kikabaki chumba cha kiini, na viti vilivyokuwa vimeshaletwa korido vikarudishwa vilikotoka.

Wenzake wawili walimwambia sasa zile meza aachane nazo. Mzee atafanya nini, saini haifutiki. Bibi Punguza hata hilo alilipima, tusidanganyane. Alilipima usiku mzima na asubuhi. Lakini kazi ya makreti ilikuwa ya miezi, na ndani yake zingehitajika saini za mzee kama ishirini, na mtu asiyelipa mara ya kwanza mara ya pili huuziwa bei ya adhabu. Ijumaa baada ya chai akaanza.

Dada Mafaili alimwona anakuja, akaweka mkate chini kabisa, mbali na mdomo. Bibi Punguza alivuta kiti. Akasema la kusema, lote, tangu ile namba hadi yale maelezo ya pembeni. Binti alimsikiliza bila kukatiza, ingawa yote alishayasikia tangu Jumatano. Kisha akafuta vidole kwa karatasi.

"Ulichukua kilobaiti tatu," akasema. "Nataka tano."

"Tano za nini? Tatu zako zinarudi, mbili zimetoka wapi?"

"Fidia, dada yangu. Nilikuwa nakula."

Bibi Punguza alitazama saa. Zilikuwa zimebaki meza tisa, na wote waliokaa kwenye meza hizo walikuwa wameacha kuandika.

"Tatu na nusu," akasema, na kusogeza kiti karibu.